Ulionekana

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nilikuwa nimeandaa Zaburi ya 92, ile ya "watazaa matunda hata wakati wa uzee", nimefika nusu, lakini wiki hii imenigeuka kwa hiyo mnivumilie, leo naandika kama inavyokuja.

Jumatatu asubuhi naamka nakuta meseji ya dada mmoja wa jumuiya yetu: "Shalom katibu, tumesikia Jumamosi ulionekana." Basi, imeishia hapo. Hakuna wapi, hakuna na nani, maana hilo neno kwetu huku Moshi linajitosheleza.

Na ni kweli nilionekana. Msondo, ile bendi ya dansi, walikuja mjini, na Baba Neema, ambaye tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, akanipigia, "Katibu, kiingilio juu yangu, wewe leta miguu tu." Nikamzungusha weee, mara nina kikao, mara nina mafua, mwisho akasema ni kwa ajili ya mzee, nikanyamaza. Marehemu baba yake alifanya kazi TPC, kiwanda cha sukari, kwenye miwa mpaka anastaafu, na ile bendi ilipoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz ilikuwa ni ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama, mishahara ya wapigaji inalipwa na chama, sasa mzee akiwasha redio yake ya mkulima jioni na RTD, redio ya taifa, wakaipiga alikuwa anatuambia sisi watoto "tulieni, hiyo bendi ni yangu, nakatwa kila mwezi." Kuwaona laivu hakujaliwa hata mara moja. Mwezi wa tano tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, Old Moshi.

Basi nimefika getini saa tatu usiku, nimesimama nje. Kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi, na baridi hii ya mwezi wa saba ikanipa kisingizio kizuri. Ndani tarumbeta inalia, mimi nipo kwenye kivuli cha ukuta nahesabu nani anaingia na nani atanijua. Hapo ndo Luka 15 ikanishika, na sio yule mpotevu tuliyemzoea, ni kaka yake. "Alisikia sauti ya nyimbo na machezo." Akaita mtumishi amuulize kuna nini. "Akakasirika, akakataa kuingia ndani." Hilo neno nimelisoma kwenye ibada za nyumbani sijui mara ngapi na sijawahi kujiona humo, kumbe na kofia nimevaa kabisa.

(Sisemi ukumbi wa dansi ndo nyumba ya Baba, msije mkaninukuu vibaya. Bia zilikuwepo na mengine yalikuwepo. Mimi nilikunywa soda mbili.)

Nikaingia. Wapendwa, wale wazee! Bendi imeitwa NUTA, ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, waimbaji wake TX Moshi William alitangulia 2006, Mzee Gurumo 2014, na bado wanapiga. Kulikuwa na mzee mmoja wa tarumbeta, kati ya wimbo na wimbo anakaa kwenye kiti cha plastiki, anatoa leso nyeupe anaifuta midomo ya tarumbeta taratibu kama mama anafuta mtoto, zamu yake ikikaribia anaweka leso kwenye goti, anasimama. Hakosei hata kidogo. Zaburi inasema "watajaa utomvu, watakuwa na ubichi", hapo ndipo ilipotoka ile tafakari niliyoiacha, nitairudia siku nyingine Mungu akipenda.

Baba Neema alikuwa amevaa koti la baba yake, mikono imemzidi inafika kwenye vidole. Wimbo unaanza polepole waimbaji wanasimulia, ametulia tu, sasa likaja chemko, solo na rizimu zinajibizana, tumba imeingia, akanyanyuka na lile koti akacheza peke yake macho amefumba. Aliporudi kukaa nikamuuliza hivi mbona kanisani hatukuoni. Akaniangalia. Hakukasirika. Akasema, "Katibu, siku ile nimekuja kutoa taarifa ya msiba, kabla ya pole niliulizwa kadi ya mzee ya ahadi ya sadaka. Aliyeniuliza ni wewe."

Mimi sikumbuki. Nawaambia ukweli mbele za Bwana, nimekaa siku tano najaribu kukumbuka, haipo kichwani. Nakumbuka daftari, nakumbuka niliandika jina na tarehe, uso wake sikumbuki. Yule kaka mkubwa naye alikuwa na daftari lake: "nimekutumikia miaka mingapi hii", "wala sijakosa amri yako". Mahesabu yamekaa sawa kabisa, ila ukimsikiliza hawezi kusema "ndugu yangu", anasema "huyu mwana wako". Ni baba ndo anamrudishia, "huyu ndugu yako".

Sasa nisikilizeni, na naanza na mimi mwenyewe. Tuna macho ya kuona nani ameonekana. Nani kaonekana ukumbini, nani kaonekana kwa mganga, binti wa nani kaonekana kwenye gari ya nani, hapo grupu linawaka moto mpaka saa sita usiku. Lakini mtu tangu mwezi wa tano hayupo kwenye benchi lake, benchi la tatu upande wa dirisha, nani alimtumia meseji "hukuonekana"? Wiki kumi! Hakuna! Mimi mwenye daftari la mahudhurio nilimwekea alama ya x kila Jumapili, wino wa Mungu huo, nikafunga daftari nikaenda kunywa chai. Jamani wapendwa, tusiwe watu wa kusimama getini. Kama una mtu wako kakaa kimya, usingoje aje kwenye ibada ndo umsalimie, mfuate alipo, hata akiwa mahali ambapo wewe ukionekana utaulizwa. Baba wa kwenye Luka alitoka nje mara mbili siku ile ile, kwa mtoto wa mbali na kwa huyu wa getini, na sijaona mahali alipouliza watu watasemaje.

Nilimwomba msamaha Baba Neema palepale, muziki ukiwa juu ilibidi nirudie mara tatu kwa kupiga kelele sikioni, mara ya tatu akacheka. Kurudi kanisani hajaniahidi na mimi sijamuuliza.

Yule dada nimemjibu jana. "Shalom dada, ni kweli nilionekana. Jumamosi saa kumi tunaenda kwa Baba Neema, Pasua, kumpa pole ya baba yake, tumechelewa. Njoo na sukari." Mpaka naandika hapa ni tiki mbili za bluu tu.