Wadau niliwapata kwenye daftari la mizani

Naanza na ushauri mbovu, maana bado unaniwasha. Tulipotaka kuandaa mpango wa kusimamia uvuvi wa pweza kijijini kwetu, pwani ya Kilwa, mtaalamu mmoja wa mradi alituambia: andikeni rasimu kwanza, kisha waiteni wadau waipitishe. Orodha ya wadau alikuja nayo mwenyewe: mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi), wenye boti na wazee wawili watatu. Mkutano akaupanga saa nne asubuhi, bamvua limekolea.

Mtu wa pwani keshacheka. Kwetu siku za bamvua maji hukauka saa hizo hizo, na wanawake wote wanaochokoa pweza walikuwa mwambani na ndoo zao. Ukumbini tulikaa wanaume na soda zetu, tukakubaliana bila hata mmoja kupinga kwamba mwamba wa karibu na kijiji ufungwe miezi mitatu. Mtaalamu akapiga picha, akaondoka. Bamvua lililofuata wanawake wakaingia mwamba ule ule kama kawaida. Bango letu la PAMEFUNGWA nililikuta uani kwa mtu limekuwa ubao wa kuparia samaki, herufi PAME bado zinasomeka chini ya magamba.

Mimi ndiye katibu wa BMU, na nikaona nisipotumia akili mpango utabaki kwenye faili. Nikamwendea wakala anayenunua pweza pale bandarini, nikamwomba daftari lake la mizani. Alidhani natumwa na watu wa kodi. Nilimbembeleza wee, kahawa juu ya kahawa, mpaka akanifungulia. Jamani, daftari lile lilikuwa na kijiji kizima! Kila pweza ana jina la aliyemleta na kilo zake. Wanawake wamejaa kurasa kwa kurasa. Siku za Jumamosi watoto wa shule. Halafu wavuvi wa ago, wale wanaopiga kambi upande wa kusini, ambao mkutanoni hakuna aliyewataja ila kwa kuwalaumu. Pweza wadogo aliowakataa kawawekea alama ya mkasi, kwa sababu Kanuni za Uvuvi za 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Nikamuuliza hao huishia wapi. Akacheka, akanionyesha kwa kidevu banda la mama wa supu. Naye nikamwandika.

Mkutano wa pili niliuweka siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, baada ya alasiri, ufukweni. Wanawake walikaa peke yao kwanza, mwenyekiti wao mwanamke. Sisi tulingoja mbali. Ukiwachanganya tangu mwanzo, wanaume wazamiaji, wanaopiga mbizi kwa boti, ndio watakaosema na wengine wataitikia. Ramani tuliichora mchangani: kipande cha wavu wa jarife kuukuu ndiyo pwani, mawe ndiyo miamba, kila jiwe likaitwa jina lake. Bibi mmoja akaliokota lile jiwe la mwamba tuliofunga, akaniuliza, "Mwanangu katibu, huu tunaufikia kwa miguu. Ule wa nje wanaufikia wenye boti. Sasa njaa hiyo mlimgawia nani?"

Sikuwa na jibu. Tukafunga wa nje, wa ndani ukabaki kwa wenye miguu, ila pweza mdogo harudi na mtu nyumbani. Wazamiaji walinuna. Bibi yule yule akawaambia jike akishataga hujifungia pangoni analinda mayai, hali kitu, na yakianguliwa naye anakufa. Kwa hiyo ukimchoma pangoni umeua na ukoo. Mtaalamu alikuwa amelisema hilo hilo kwa picha za ukutani, pamoja na habari za Andavadoaka, Madagaska, walikoanza kufunga miamba ya pweza mwaka 2004, na watu wakasinzia.

Wavuvi wa ago tuliwapa doria, kwa kuwa kambi yao inautazama mwamba wa nje. Kelele zilikuwa nyingi, lakini nani mwingine angeamka usiku? Mambo ya sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri siyaelezi, kila katibu anayajua. Jiandae kusubiri tu. Gharama kubwa ilikuwa mafuta ya boti na maandazi, laki mbili na ushei, labda tatu.

Siku ya kufungua pweza walitoka wakubwa mpaka watu wakaimba. Saa sita barafu ya wakala ikaisha, na bei akaishusha pale pale, huku anatutazama machoni. Msimu huu tumewaita wanunuzi wawili kabla ya kufungua. Kila mmoja nimemnong'oneza kwamba mwenzake amepanda dau. Bei imeandikwa, na wote wametia saini.