Niliwalisha ndama kama broila

Kabla ya ng'ombe nilikuwa mtu wa kuku. Miaka saba nimefuga broila nyuma ya nyumba yangu hapa Chanika, na kuku wa nyama ana sheria moja ambayo kila mfugaji wa Dar anaijua: kilishio kisikauke. Basi nilipoamua kununua ndama walioachishwa kunyonya, niwalishe miezi kadhaa na kuwauza wakiwa na mwili, niliingia bandani na sheria hiyo hiyo kichwani. Ndama mmoja hakumaliza hata wiki.

Niliwanunua sita kwenye mnada wa Pugu, mwishoni mwa Septemba, kiangazi kikiwa bado kimebana. Pugu ndiko wanakoshushwa ng'ombe wa bara, wa Dodoma, Singida, Shinyanga, kabla ya kuchukuliwa kwenda machinjioni. Wachinjaji wanatafuta madume yaliyojaa, ndama hawana habari nao, kwa hiyo mwenye ndama anazungumzika bei. Wangu walikuwa madume watano na jike mmoja, zebu, wale wa kienyeji wenye nundu, waliochanganyika kidogo na Borani, ng'ombe wa nyama, umri miezi minane kwa maneno ya dalali. Mbavu zao ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara.

Canter iliwashusha nyumbani magharibi. Walikuwa wanalia kama watoto, na kweli ni watoto, wameachanishwa na mama zao na kusafirishwa wamesimama lorini. Huruma ikanishika. Nilikuwa nimeshaandaa magunia ya mahindi niliyoyasaga laini kabisa, karibu kama unga wa ugali, nikayachanganya na pumba na kuyamwaga kwenye pipa la bluu nililolipasua katikati. Kijana wangu wa kazi, Mgogo aliyekulia nyuma ya ng'ombe, alinitazama akasema, "Mama, hawa tuwape majani kwanza." Nikamwambia majani hayanenepeshi. Akanyamaza. Siku hizi nikimkumbusha kwamba angebisha, ananiuliza nani anabishana na bosi wake wiki ya kwanza ya kazi.

Walikula kwa fujo. Mmoja mwekundu, mkubwa kuliko wenzake, aliwasukuma wote akatia kichwa pipani hakukitoa. Nilifurahi, nikasema huyu ndiye wa kwanza kuuzwa.

Asubuhi alikuwa amelala, hainuki. Anasaga meno. Macho yameingia ndani. Kinyesi chake kilikuwa cha kijivu, chepesi, kina povu, na harufu yake ni ile ya togwa lililochacha, siisahau. Kijana alimgusa ubavu wa kushoto akautikisa, tukasikia maji yanacheza ndani kama dumu lililojaa nusu. Wengine wawili walikuwa wanaharisha lakini wamesimama.

Bwana mifugo wa kata alifika na pikipiki kabla ya saa nne. Alimpitishia mpira mdomoni, akamnywesha dawa ya kupunguza tindikali na maji mengi, akamchoma sindano. Yule mwekundu alivumilia mpaka usiku wa pili. Jirani mwenye bucha alitaka nimuuzie kabla hajakata roho, bwana mifugo akakataa katakata: ameshachomwa dawa, nyama hiyo haiendi kwa mtu. Tulimzika chini ya mkorosho.

Kesho yake bwana mifugo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonitoa kwenye ukuku. Alisema, mama, kuku anakula mwenyewe. Ng'ombe hali mwenyewe. Lile tumbo lake la kwanza ni kama pipa la kuchachushia, limejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyokula. Ng'ombe anaishi kwa kile vinavyomtengenezea. Vya kula nyasi ni vingine na vya kula wanga ni vingine. Ndama wa porini amejaza vya nyasi. Ukimwaga wanga mwingi ghafla, vile vichache vya wanga vinazaliana kwa kasi na kutoa tindikali kuliko tumbo linavyoweza kuhimili, vya nyasi vinakufa, ukuta wa tumbo unababuka, maji ya mwili yanakimbilia tumboni. Mahindi yakisagwa laini ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yanachacha yote kwa mkupuo.

Nyasi zinafanya nini? Zinamfanya acheue. Akicheua anatoa mate mengi, na mate ya ng'ombe yana kitu kama magadi, yanapoza ile tindikali. Hivyo ndama asiye na nyasi ndefu mdomoni hana dawa yake ya asili.

Kijana wangu aliyekuwa anafagia alisikia yote hayo, akayaweka kwa namna yake: "Mama, kwa ng'ombe majani ndiyo ugali. Mahindi ni mboga." Mimi niliwapa mboga sufuria nzima bila ugali.

Tulianza upya na watano. Siku nne nzima wakala hei tu, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa, pamoja na maji na jiwe la chumvi. Siku ya tano kila mmoja akapata robo kilo ya nafaka asubuhi, baada ya kula hei, siyo kabla. Mwenye tumbo tupu anabugia. Kila siku ya tatu tukaongeza robo. Tukiona kinyesi kimelegea tunasimama hapo hapo, hatuongezi, wakati mwingine tunarudi nyuma hatua moja. Ilichukua karibu wiki mbili kufika kilo moja kwa ndama, tukaigawa mara mbili, nusu asubuhi na nusu jioni.

Kilo moja haikutoka hewani. Bwana mifugo alisema tuanzie kwenye kilo moja ya nafaka kwa kila kilo 100 za uzito wake, baadaye tupande mpaka kilo moja na nusu kwa uzito huo huo. Mizani ya ng'ombe sina, nilitumia futi ya fundi cherehani. Unazungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unapata mzunguko kwa sentimita. Unapima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa makalio. Mzunguko unauzidisha kwa wenyewe, kisha kwa urefu, halafu unagawanya kwa 10,840. Ndama wangu wa kati alikuwa na mzunguko 107 na urefu 95, simu ikanipa kilo 100 na nukta. Ni makadirio, na ndama asiyetulia anakupa uzito wa uongo, ila kwa kazi ya kugawa chakula yanatosha kabisa.

Mchanganyiko nao ulibadilika. Mahindi sasa nayavunja tu, paraza, mashine nyingi za huku wanakuvunjia ukiwaambia. Kwa kila kilo 100 naweka paraza 40, mashudu ya alizeti (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) 30, pumba za mahindi 27, chokaa ya mifugo 2 na chumvi 1. Mashudu ndiyo ghali na ndiyo yanayokushawishi uyapunguze. Usiyapunguze kwa ndama. Anajenga misuli na mifupa, huyu si ng'ombe mzima unayemwekea mafuta, bila protini ya kutosha atakuwa mfupi mwenye kitambi. Hesabu yangu inanipa protini kama 14 kwa 100. Mashudu ya pamba tuliyaacha. Kuna sumu ndani yake ambayo ng'ombe mkubwa anaimudu kuliko ndama mdogo.

Chokaa nilidhani ni mbwembwe za dukani. Kumbe pumba na mahindi vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, chokaa ndiyo inaongeza kalsiamu, na kwa ndama dume urari huo ukikaa hivyo muda mrefu, anaweza kufanya mawe kwenye njia ya mkojo. Unamwona anatikisatikisa mkia, anajikamua, mkojo hautoki. Sijakutana nalo na sitaki, chokaa ni rahisi.

Molasesi nilijaribu, wanaipenda mno, lakini kwa joto la Dar ile sukari inaita nzi wa mtaa mzima. Nikaacha. Na zile chupa za dawa za kunenepesha wanazokuelekeza kwenye maduka ya pembejeo, sina maoni ya upole kuhusu hizo.

Sasa hei, ambayo nilikuwa naidharau, ndiyo imekula muda wangu kuliko kitu kingine. Mara ya kwanza nililetewa marobota ya bei nafuu, nikafungua nikakuta mashina matupu, manjano, nyasi zilizokatwa zikiwa zimeshatoa mbegu na kuzeeka. Ndama walichagua, wakakanyaga, wakalalia. Nikajifunza kumfungulisha muuzaji robota moja kabla sijalipa. Naangalia majani kama ni mengi kuliko mashina, kama bado kuna ukijani, nanusa. Hei nzuri ina harufu inayokaribia chai. Ikinuka stoo iliyofungwa, au ukiikung'uta inatoa vumbi jeupe, hiyo ina ukungu.

Mabua ya mpunga pia yapo, yanateremka kutoka mashamba ya bonde la Ruvu, bei yake inavutia. Yanajaza tumbo na yanasaidia kucheua, ila lishe yake ni ndogo mno kwa ndama. Nilikuwa nachanganya kidogo hei inapopanda bei, robo ya mabua kwa robo tatu za hei, si zaidi.

Halafu ikaja vuli. Nilikuwa nimepanga marobota chini, kwenye sakafu ya banda la zamani la kuku, nikayafunika turubai nikalala usingizi. Mvua ya wiki moja, unyevu ukapanda kutoka chini, safu ya kwanza yote ikaota ukungu na katikati ikawa ya moto ukiingiza mkono. Marobota kumi na moja yakawa mboji ya mchicha. Sasa yanakaa juu ya mbao, kiganja na nusu kutoka sakafuni, mbali kidogo na ukuta, na turubai halifuniki ubavuni ili hewa ipite. Mahindi nayo nayakagua hivyo hivyo. Yakiwa na rangi ya kijani au nyeusi kwenye kiini siyachukui hata kwa bure, maana sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu, haiondoki kwa kuanika.

Upotevu ulikuwa tatizo jingine. Ndama wa kilo 100 anahitaji chakula kikavu kilo mbili na nusu hadi tatu kwa siku. Ukitoa ile kilo ya nafaka, hei inabaki kama kilo mbili. Kwa watano ni kilo kumi, chini ya robota moja, lakini mimi nilikuwa namaliza mawili. Yalikuwa yanakwenda chini ya kwato. Fundi alinitengenezea hori la mbao lenye nafasi zinazopitisha mdomo tu, na tangu siku hiyo robota moja likawa linatosha na kubaki. Pipa la nafaka tukaongeza la pili, kila ndama awe na kama nusu mita ya kusimama. Mnyonge wangu, yule jike, hakuwa mgonjwa kama nilivyodhani. Alikuwa hafikii.

Maji sikuyahesabu mwanzoni. Kila mmoja alikuwa anamaliza zaidi ya nusu ndoo ya lita 20 kwa siku, na Novemba karibu ndoo nzima. Siku pampu ilipoharibika na maji kuchelewa, jioni nafaka ilibaki pipani. Dawa ya minyoo na kuogesha kupe vilifanyika kama ilivyo kawaida, hapo sina jipya.

Siku ya 90 yule wa kati alipimika mzunguko 118, urefu 104: kilo 133. Kilo 33 kwa miezi mitatu, kama gramu 370 kwa siku. Mtu wa ranchi atacheka. Mimi nilimpigia simu dada yangu.

Wiki iliyopita Canter imeleta wengine wanane. Ilifika magharibi vile vile, wanalia vile vile, mpaka mjumbe akapita kuuliza kuna nini. Ufunguo wa stoo ya nafaka ulikuwa kwa kijana. Mtoto wangu wa mwisho aliwaonea huruma, akamwomba awape pumba kidogo tu, hata kopo moja. Kijana akaurusha ufunguo juu ya paa la banda, akaenda kufungua robota.