Jinsi nilivyomwachisha binti yangu kunyonya kidole gumba

Watoto wengi huacha kunyonya kidole wenyewe kati ya miaka 2 na 4, kwa hiyo sikuwa na haraka. Lakini binti yangu alipofikisha miaka 5, kidole chake kikiwa tayari kimeota sugu, niliona ni lazima nimsaidie kabla ya meno ya kudumu, ambayo huanza kuota karibu na miaka 6, hayajasukumwa mbele.

Mama mkwe, tunayeishi naye hapa Kadutu, Bukavu, alishauri kidole kipakwe pilipili. Nilimjibu kwa heshima, "Mama, akijifikicha macho usiku tutalia wote," naye akacheka, shauri likaishia hapo.

Kwanza nilichunguza ni wakati gani kidole huingia mdomoni: umeme unapokatika jioni naye hana la kufanya, na anapolala akishika pindo la kitenge changu. Jioni nilimpa kazi ya mikono miwili, kuchambua maharagwe au kumenya karanga, nikawakataza kaka zake kumcheka, kwani aibu humfundisha mtoto kujificha tu.

Usiku ulikuwa mgumu zaidi. Tulikubaliana avae soksi mkononi, tena aichague mwenyewe. Alichagua ya baba yake, inayofika kwenye kiwiko, nami nikaishonea kwenye mkono wa nguo ya kulalia. Kila asubuhi soksi ilipokutwa mahali pake, alichora jua kwa chaki nyuma ya mlango. Alipougua homa alirudia kidogo, hatukumkaripia. Sasa ngozi ya kidole imelainika, ingawa kitenge bado hakiachii.