Nilivyotibu mishipa ya mguu kwa leza, hapa Dar

Nauza vitenge Kariakoo, na kazi yenyewe ni ya kusimama. Mteja anaitaka pisi ile iliyo juu kabisa, unapanda kigoda, unashusha, unakunjua, anataka nyingine, unakunja unapanga upya, na jioni inafika hujakaa. Baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, mguu wa kulia ukaanza kuonyesha mishipa. Kwanza ilitokea ile myembamba ya zambarau karibu na kifundo, imetapakaa kama utando wa buibui. Kisha ukajitokeza mmoja mnene, umejipindapinda kutoka ndani ya paja, ukapita pembeni ya goti hadi kwenye shavu la mguu. Ikifika jioni mguu unakuwa mzito, kifundo kimevimba, na usiku msuli unakaza mpaka naamka.

Naandika kwa sababu nilipotafuta habari za tatizo hili kwa Kiswahili nilikutana na matangazo ya krimu kuliko maelezo. Na kuna jambo moja nataka kila mwenye miguu kama yangu alijue kabla hajatoa hela: leza za mishipa ziko za aina mbili, moja inapigwa juu ya ngozi na nyingine inaingizwa ndani ya mshipa, na kitakachokuambia unahitaji ipi ni kipimo cha ultrasaundi, siyo macho wala kioo.

Shangazi yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniwekea shinikizo nifanye kitu. Aliniambia, "Mwanangu, hiyo ni damu chafu imejikusanya, twende ukachanjwe itoke." Nikamwomba, "Shangazi, nivumilie, nimwone daktari kwanza." Nashukuru alikubali. Daktari alinieleza kwamba mshipa uliovimba hivyo una presha kubwa na ngozi iliyo juu yake imekonda, kwa hiyo ukichanjwa damu inaweza kumwagika nyingi sana. Hata ukipasuka wenyewe kwa kujikwaruza bafuni, cha kufanya ni kulala chini hapohapo, kuinua mguu juu kuliko moyo, na kukandamiza kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kufunuafunua kuchungulia, halafu hospitali.

Chanzo chake si uchafu wa damu. Vena za miguuni zina kazi ya kupandisha damu kurudi moyoni, na ndani yake mna vali zinazoizuia isiporomoke. Vali zikilegea, damu inarudi chini, inajaa, na mshipa unatanuka. Wengine wanarithi, mama yangu miguu yake ni hivihivi. Ujauzito unachangia sana, umri, uzito, na hizi kazi zetu za kusimama zinazidisha. Ukiachwa miaka mingi, kwa baadhi ya watu ngozi ya karibu na kifundo inakuwa nyeusi na ngumu, inawasha, na mwisho kinatokea kidonda kinachogoma kupona. Hicho kidonda ndicho kilichonitia hofu, kwa kuwa nimemwona jirani akihangaika nacho.

Kabla ya kufika kwa bingwa wa mishipa nilikuwa nimepita kwenye kliniki moja ya ngozi na urembo kuulizia. Waliniambia leza wanayo, na vimishipa vya kifundoni vitaondoka. Nikauliza mashine ni ya aina gani na inafaa ngozi nyeusi kiasi gani. Dada aliyenihudumia, mpole kabisa, akasema inafaa ngozi zote. Nilipozidi kuuliza ikaonekana ni mashine ya mimuliko ya mwanga, wala si leza. Nikaaga.

Sababu yangu ni hii. Leza ya juu ya ngozi inalenga rangi nyekundu ya damu ili joto liunguze kimshipa. Lakini ngozi yetu ina rangi yake, melanini, nayo inafyonza mwanga kabla haujafika kwenye mshipa. Mawimbi mafupi ya mwanga, kama yale ya nanomita 532 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi), yanafyonzwa sana na melanini, na mashine za mimuliko nazo zina hatari hiyohiyo. Matokeo yanaweza kuwa malengelenge, kovu, au mabaka meusi na meupe mahali palipokuwa na vimishipa tu. Leza inayohesabiwa kuwa salama zaidi kwa ngozi nyeusi ni ile inayoitwa Nd:YAG, ya nanomita 1064, kwa sababu inapenya chini zaidi na melanini inaifyonza kidogo. Hata hiyo, fundi makini anaijaribu kwanza sehemu ndogo, anapoza ngozi, anakwambia urudi baada ya wiki kadhaa aone ngozi imeitikiaje. Asiyetaka kufanya jaribio hilo usimpe mguu wako.

Kipimo cha bingwa kilikuwa cha aina yake. Nilipimwa nimesimama, uzito nimeuweka mguu wa pili, kwa sababu ukilala damu haina sababu ya kuporomoka na uvujaji unaweza usionekane vizuri. Mtaalamu alipaka jeli, akaweka kifaa kwenye kinena, akaminya shavu la mguu kwa mkono na kuachia ghafla. Kwenye skrini rangi ya bluu ikapita, kisha ikageuka nyekundu na kubaki hapo. Akanionyesha, "Mama, ona, hii damu ilitakiwa isimame. Inarudi." Kwa mishipa hii ya juu, damu ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde vali inahesabiwa kuwa imeshindwa. Yangu ilirudi muda mrefu kuliko huo. Mshipa unaovuja ulikuwa ule mrefu unaopita upande wa ndani wa mguu kutoka kifundoni hadi kinenani, na vimishipa vyangu vya zambarau vilikuwa vinalishwa na huohuo. Ningevichoma juu na kuuacha, vingerudi. Aliangalia pia vena za ndani kabisa kama ziko wazi na hazina damu iliyoganda. Zilikuwa salama.

Njia zilizokuwepo daktari alinieleza zote: upasuaji wa zamani wa kuuvuta mshipa, dawa ya povu inayochomwa ndani, joto la mawimbi ya redio, na leza ya ndani. Uingereza mwaka 2013 taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, iliweka njia za joto, yaani mawimbi ya redio na leza ya ndani, kuwa za kwanza, ikifuata povu, upasuaji mwisho. Kwa mguu wangu leza ya ndani ilifaa kwa sababu ule mshipa mrefu unaovuja, tofauti na ule uliojipinda juu, ulikuwa umenyooka pajani. Kuhusu bei, ujue kwamba uzi wa leza, ule unaoingizwa ndani ya mshipa, hutumika kwa mgonjwa mmoja ukatupwa, kwa hiyo uliza kama umo kwenye bei unayotajiwa, pamoja na soksi za kubana na vipimo vya marudio. Bima yangu walitaka kujua kama huu ni ugonjwa au urembo. Ripoti ya ultrasaundi, na barua ya daktari inayotaja uvimbe na maumivu, ndizo zilizojibu.

Nilichagua kipupwe kwa makusudi, maana baada ya tiba lazima uvae soksi za kubana, na soksi hizo kwa joto la Januari la Dar ni mateso.

Siku yenyewe shangazi alinisindikiza. Nilisimama daktari akanichorea mshipa kwa kalamu, kisha nikalala. Ganzi ya kwanza ni karibu na goti, hapo sindano inaingia mshipani kwa kuongozwa na ultrasaundi, na uzi wa kioo unapitishwa ndani mpaka karibu na kinena. Kisha inakuja sehemu ambayo kwangu ndiyo ilikuwa ngumu: wanachoma ganzi iliyochanganywa na maji mengi baridi kuuzunguka mshipa wote, kidogo kidogo, paja zima. Hayo maji yanatuliza maumivu na pia yanakinga ngozi na neva zisiungue. Wote chumbani tukavaa miwani. Taa zikapunguzwa, nikaona nukta nyekundu iking'aa chini ya ngozi ya paja langu, inashuka taratibu huku mashine inalia pii, pii. Joto sikulisikia. Leza ya nanomita 1470 inafyonzwa na maji yaliyo kwenye ukuta wa mshipa, ukuta unajikunja na kuziba, na damu inatafuta njia kwenye vena nyingine nzima, ambazo ni nyingi. Daktari aliishia chini kidogo ya goti, kwani kushuka zaidi kunaukaribia neva ambao ukiguswa mguu unabaki na ganzi.

Niliamka nikatembea korido mwenyewe. Shangazi akasema, "Kumbe hawajakupasua?"

Maumivu ya kweli yalikuja siku zilizofuata, karibu na mwisho wa wiki ya kwanza. Upande wa ndani wa paja ulijivuta kama kuna kamba, hasa nikinyoosha mguu, na michubuko ya kijani na manjano ikajitokeza. Niliambiwa nitembee kila siku, nisikae kitako muda mrefu, nisipande basi la safari ndefu kwa wiki chache, kwa kuwa hatari ndogo ya damu kuganda ipo. Nilikuwa nimepanga kwenda Mbeya msibani, nilimtuma kaka. Marudio ya ultrasaundi yalithibitisha mshipa umeziba na hakuna bonge la damu kwenye vena za ndani.

Soksi zina ufundi wake. Vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa mkavu kabisa, geuza soksi ndani nje hadi kisigino, na vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo ili uisukume bila kuichana kwa kucha. Mwenye kisukari au maumivu ya miguu akitembea apimwe kwanza mishipa ya ateri, ile inayopeleka damu miguuni, maana soksi za kubana zinaweza kumdhuru.

Vile vimishipa vya kifundoni vingi vilififia vyenyewe mlishaji alipozibwa. Vilivyobaki daktari alivichoma polidokanoli, dawa ya kuziba vimishipa, kwa sindano nyembamba sana, njia ambayo kwa miguu mara nyingi hutangulia leza ya ngozi. Vimeniachia alama za kahawia zinazopungua mwezi kwa mwezi. Vichache vyembamba kuliko sindano nimeviacha, haviniumi.

Mdogo wangu wa Mbagala ana mimba ya miezi saba na mishipa imeanza kumtoka, ananiuliza aende lini. Nimemwambia tiba hii haifanywi mjamzito. Mishipa ya mimba mara nyingi hupungua miezi kadhaa baada ya kujifungua, kwa hiyo apimwe baadaye. Kwa sasa avae soksi akishauriwa na mkunga wake, anyanyue miguu jioni, alalie ubavu. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, au akakosa pumzi, asisubiri kliniki yake ya mwezi. Aende hospitali siku hiyohiyo.