Pesa za Jezi

Daftari lile ninalo hadi leo. Jalada limetoka na kurasa za katikati ziliwahi kulowa maji, lakini mistari ya mwanzo inasomeka vizuri. Juu nimeandika "Michango ya jezi 2020", na jina la kwanza kabisa ni la kepteni wetu: shilingi 20,000, Januari 18. Sisi wengine tulitoa kidogo kidogo, kwa mafungu, na wapo walioanza na elfu mbili.

Nilikuwa kipa wa timu ya chuo chetu pale Morogoro, na kwa kuwa waliniamini na hela nikapewa pia uweka hazina. Jezi tulizokuwa tukivaa tulizirithi kwa waliotutangulia. Zilikuwa za kijani, zimepauka kabisa, na namba zimebanduka. Winga wetu wa kulia alivaa saba ambayo mgongoni ilibaki gundi tu, refa akitaka kumwandika kadi humgeuza mara mbili. Tulishaongea na fundi mmoja wa Kariakoo, seti ishirini za jezi na bukta kwa 22,000 kila moja, namba na jina la chuo ndani yake. Hiyo ni 440,000. Kufikia katikati ya Machi kwenye simu yangu kulikuwa na 412,000.

Na msimu ulikuwa mzuri, mzuri kweli. Vyuo vitano vya pale mjini tulicheza ligi yetu ndogo, nyumbani na ugenini. Mechi saba hatujafungwa hata moja, tumeshinda nne na kutoka sare tatu, pointi 15. Waliotufuata walikuwa na 14, na mechi ya mwisho ilikuwa sisi na wao, Jumamosi ya Machi 21. Sare tu ingetutosha.

Jumatatu ya wiki hiyo, Machi 16, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, aliyebainika Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule kwa siku 30 na kusimamisha ligi zote. Jioni hiyo sisi tulikuwa mazoezini. Tulikuwa na kidumu cha maji na kikombe kimoja cha plastiki, cha bluu, mpini umevunjika; timu nzima ilikunywea humo, mmoja akimaliza anampa wa pembeni bila hata kumtazama. Kocha alikiokota kwenye nyasi, akakishika muda mrefu, halafu akasema, "Kuanzia kesho kila mtu aje na maji yake." Hiyo kesho haikuwepo. Jumatano ikawa zamu ya vyuo kufungwa, na kufikia jioni tulikuwa stendi ya Msamvu na mabegi yetu, tunagonganisha viwiko badala ya kupeana mikono, kila mtu akimwambia mwenzake tutaonana baada ya mwezi.

Nyumbani kwetu ni Muheza. Mwezi ukawa miezi miwili na nusu. Mama alitufukiza nyungu ya mchaichai na majani ya mkaratusi kila jioni, mimi na wadogo zangu chini ya blanketi moja, tunatoka tumelowa jasho macho mekundu. Redioni takwimu zikaanza kuchelewa, kisha hazikutoka tena; ya mwisho niliyoisikia ilikuwa wagonjwa 509. Sikujua niogope kwa kiasi gani. Mpira nilipiga ukutani peke yangu mpaka jirani akaja kulalamika kwa mama.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kepteni ndiye aliyekuwa akitutumia programu ya mazoezi kila asubuhi. Mwezi wa nne akawa anaandika mara moja kwa wiki. Mwezi wa tano akanyamaza. Rais Magufuli alipotangaza Mei 21 kwamba vyuo vinafunguliwa Juni 1, kundi lote lililipuka kwa furaha. Usiku wa manane ndipo ukaja ujumbe wake: "Wadogo zangu, mimi muhula huu sirudi. Mlima hauna wageni tangu Machi. Mnichezee vizuri."

Kwao ni Marangu, na baba yake alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Miaka yote ada ya kepteni ilitoka kwenye mizigo ya watalii, kilo ishirini kichwani hadi Kibo. Ndege zilipoacha kuleta wageni, mzee alirudi shambani. Kepteni alikuwa anadaiwa 350,000, na chuoni utaratibu ulikuwa mmoja: bila ada husajiliwi, na bila kusajiliwa hulali bweni wala huingii darasani. Corona haikubadilisha hilo.

Tulirudi Juni 1. Kila mlango una ndoo ya koki na kipande cha sabuni, barakoa za kitambaa zinashuka kidevuni kila mtu akitaka kuongea. Walimu wa michezo wa vyuo vyote wakakubaliana mechi iliyobaki ichezwe Jumamosi, Juni 27. Jioni moja tukakaa chini ya mwembe wa nyuma ya bweni, wachezaji 21, tumeachiana nafasi kama tulivyoelekezwa. Kocha msaidizi akauliza kuhusu jezi, zitafika lini. Kiungo wetu mmoja, kijana mpole ambaye hata uwanjani huwa haombi mpira, akasema, "Kwa nini hizo pesa zisimrudishe kepteni?"

Nataka niandike ukweli wa nilichohisi, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Moyo wangu ulikataa. Nilishachagua jezi yangu, ya njano, mikono mirefu, namba moja mgongoni. Nilishapanga picha nitakayomtumia mama. Nilitazama chini nikanyamaza, na kama mwingine asingeongea, mimi nisingeongea.

Aliyeongea alikuwa beki wa kushoto. Alisimama. "Mama yangu ni mama lishe, anauza jirani na shule ya msingi. Shule imefungwa tangu Machi, hajauza hata sahani moja. Na mimi nadaiwa. Nikifukuzwa mimi, nani atanichangia?"

Hakuwa mbinafsi, na mpaka leo naona swali lake lilikuwa zito kuliko majibu yote yaliyotolewa pale. Watu walianza kusema kepteni ni kepteni, sijui timu ni familia. Yeye akabaki amesimama anasubiri jibu. Halikuja.

Nikafungua daftari ili nisome hesabu tu, maana ndiyo kazi yangu. Nikasoma kuanzia juu: jina, tarehe, elfu ishirini. Niliposoma mstari ule sauti yangu ilibadilika, na nadhani walisikia. Januari, wakati sote tunasuasua, yeye ndiye aliyeanza, kwa pesa za mgongo wa baba yake. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kumi na saba wakakubali. Beki wa kushoto hakunyoosha mkono, akaokota chupa yake ya maji akaenda zake bwenini. Mimi nilinyoosha, nikiwa na aibu kwamba nilichelewa.

Kesho yake nililipa 350,000 benki, risiti nikaibandika kwenye daftari. Nilimpigia simu.

"Kepteni, ada imelipwa. Nauli nakutumia sasa hivi."

Kimya. Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anapasua kuni.

"Mdogo wangu," akasema, "zile si ni pesa za jezi?"

"Ndizo."

Akakata simu. Nikadhani nimemuudhi. Baada ya nusu saa akapiga tena, akaniuliza basi la alfajiri kutoka Moshi linafika Msamvu saa ngapi.

Alishuka Jumatano ya wiki ya mechi, amekonda, viganja vigumu kwa jembe, na gunia la ndizi mshare begani. "Mama amesema ni za timu," akasema, na barakoa yake ikapanda na kushuka kwa pumzi.

Mechi yenyewe tulifungwa moja bila. Kepteni alicheza saa moja, miguu ikakataa, akatoka mwenyewe bila kuitwa. Dakika ya 80 na kitu wakapata frikiki nje kidogo ya boksi, ukuta ukaruka, mpira ukapita chini yao. Niliuona nimechelewa, vidole vikaugusa, ukaingia. Kombe likaenda kwa wenzetu. Tulikuwa na jezi zile zile za kijani, na winga wetu na gundi yake mgongoni.

Jumapili, Juni 28, tuliazima sufuria kubwa kwa mpishi wa chuo, tukachanga nyama kilo tatu, na kepteni akatupikia mtori nyuma ya bweni. Ndizi tulimenya sote, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Redio iliwekwa juu ya tofali. Simba walikuwa Mbeya, Uwanja wa Sokoine, na Prisons, na walihitaji pointi moja tu. Nusu yetu ni Simba, nusu Yanga. Kepteni ni Yanga wa kufa, akaendelea kuponda ndizi kwa mwiko kama hasikii. Sare tasa, Simba bingwa kwa mara ya tatu mfululizo. Wenzangu wakakimbia kuzunguka bweni wakipiga kelele.

Katika kelele hizo beki wa kushoto akatokea pembeni, mikono mfukoni, akasimama mbali kidogo na moto. Kepteni akainua kichwa, akafuta jasho kwa mkono wa shati, akachota bakuli la kwanza, la kwanza kabisa, akampelekea pale alipo.

"Wewe umekonda kuliko mimi," akamwambia. "Kula kwanza."

Kepteni hakuwa anajua habari ya ile kura. Mimi sikusema. Beki alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akachuchumaa karibu na sufuria, akala.