Baridi ikikaza Texas, taa si tatizo

Wa Dallas na Houston, kila baridi kali ikitangazwa magrupu ya WhatsApp yanajaa "zimeni taa, chomoeni chaja". Sawa, zima, lakini taa ya LED inakula wati 9 na kile kihita kidogo cha chumbani kinakula 1500, yaani kila saa unit moja na nusu, ukipiga hesabu za LUKU utalia. Winter ni joto la nyumba na maji ya moto, hayo mengine makombo.

Sasa nyumba nyingi huku AC ndo hiyohiyo inageuzwa kuleta joto. Inachofanya ni kuvuta joto la nje na kuliingiza ndani, na kwa kazi hiyo umeme inakula kidogo tu, ila baridi ikizidi inashindwa, hapo zinawaka koili zilizoko ndani ya mashine, zile kama za hita ya kuchemshia maji, na peke yake zinaweza kula kilowati 10. Cheki thamostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, ukiona AUX (joto la ziada) ujue zimewaka. Na mara nyingi anayeziamsha ni wewe mwenyewe, usiku umeshusha mpaka nyuzi 60 za Farenhaiti, asubuhi unatetemeka unapandisha 74 kwa mkupuo, mashine ikiona pengo kubwa hivyo inawasha kila kitu. Iache tu 68, yaani Selsiasi 20, kutwa kucha, vaa soksi na sweta. Na ile EM HEAT (joto la dharura) usiiguse kama mashine ya nje nzima, maana inazima kule nje unabaki na koili tupu!

Halafu kuna suala la muda. Kiangazi gridi inaelemewa jioni, winter ni alfajiri, jua halijatoka kwa hiyo sola hakuna, na watu wote wanaamka wanaoga. Januari 2024 ERCOT, wanaosimamia gridi, waliomba watu wapunguze umeme asubuhi. Kwa hiyo kufua, kukausha nguo, mashine ya vyombo, kuchaji gari, sukuma mpaka mchana.

Kuna wale wa "nalipa bili yangu, gridi inanihusu nini". Ndugu, Texas ina gridi yake peke yake, kuvuta umeme wa majimbo jirani ni kidogo sana. Februari 2021 Dallas ilishuka mpaka nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, visima na mitambo ya gesi vikaganda huku kila nyumba inataka joto, na ERCOT walikuja kusema zilibaki dakika 4 na sekunde 37 gridi nzima ianguke. Ikabidi wakate, nyumba zaidi ya milioni 4 gizani, na jimbo likahesabu vifo 246. Wapo waliokufa kwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayotoka kwenye mkaa au gari likiwaka. Sisi jiko la mkaa tumelizoea, lakini nyumba za huku zimezibwa kila upenyo, tafadhali jiko la nyama choma libaki nje hata kama mnaganda, na gari msiliwashe ndani ya gereji.

Kihita kichomeke ukutani moja kwa moja, ekstensheni inayeyuka. Ziba chini ya milango kwa taulo, mapazia fungua upande wenye jua tu, na bomba la jikoni liache lidondoke kidogokidogo usiku, maji yasigande yakapasua bomba, maana fundi bomba baada ya baridi hapatikani wiki nzima.