Nukta iliyomwagika: nilivyochagua kilengeo cha bunduki yangu

Nguruwe mwitu wa kwanza kunipita nilimwona manyoya tu. Alichomoka kwenye misonobari, kama hatua thelathini kutoka nilipokaa, mbwa wakimfukuza kwa kelele. Nikaweka bunduki begani, nikafumba jicho moja, nikachungulia kwenye darubini. Manyoya meusi yanapita. Sikujua kama ni bega, tumbo au makalio, basi sikufyatua. Baba mkwe, ambaye kituo chake kilikuwa cha tatu kutoka changu, akauliza kwenye redio, "Umemwona?" Nikajibu ndiyo. "Umeona nini?" Nikasema, manyoya. Kikosi kizima kikaangua kicheko.

Mimi ni mtu wa Njombe niliyeolewa Småland, kusini mwa Uswidi. Kwetu mke wa mtu hakai porini siku nzima na baba mkwe wake wakigawana kahawa ya chupa. Huku ndiye aliyenilipia kozi ya mtihani wa wawindaji, na bado anashangaa kwa nini namwita baba badala ya jina lake. Nilifaulu mtihani, polisi wakanipa kibali, nikanunua kabati la chuma la kufungia silaha, na bunduki: Tikka ya Kifini inayotumia risasi za 6.5x55, risasi ambayo Waswidi wameizoea tangu karne ya kumi na tisa. Juu yake nikafunga darubini ya kukuza mara 3 hadi 12. Nikikaa juu ya mnara wa kuwindia jioni, nikimsubiri mnyama anayekula ametulia, darubini hiyo haina mpinzani. Kwenye uwindaji wa kufukuza kwa mbwa ndiyo iliyoniletea aibu. Siku ile nilikuwa nimeiacha ikikuza mara 8, na kwa ukaribu ule manyoya yalijaza kioo chote.

"Weka nukta nyekundu," akasema mkwe wangu. Nikadhani ni kazi ya kwenda dukani na kurudi.

Nilipomweleza dada yangu kwa simu, akafikiri ni ile leza ya kwenye sinema, doa jekundu linalotua kifuani mwa mtu. Siyo. Hapa hakuna kinachotoka kwenda kwa mnyama. Ndani ya kifaa kuna taa ndogo mno inayomulika kioo cha mbele. Kioo kimepakwa utando unaorudisha wekundu ule kwenye jicho lako na kuacha mwanga wa nje upite. Unachoona ni msitu kama ulivyo, bila kukuzwa, na nukta inayoelea juu yake. Macho yote mawili yanabaki wazi. Kichwa kikienda upande kidogo, nukta inakwenda nacho na bado inaonyesha pale risasi itakapofika, tofauti ikiwa ndogo. Ubunifu huu nao ni wa hukuhuku: kampuni ya Aimpoint ya Malmö ilitoa kilengeo cha kwanza cha elektroniki cha namna hii mwaka 1975, na ilipofika 1997 jeshi la nchi kavu la Marekani nalo likachukua vilengeo vya kampuni hiyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ubahili. Niliagiza mtandaoni kifaa cha bei ya chee, chenye kioo kimoja kilichosimama wazi na mguu mrefu wa kukifungia juu ya bunduki. Nilipokiwasha, ile nukta waliyoisifia sikuiona. Niliona kitu kama tone la rangi lililodondoka sakafuni na kurusha vijimkia, kimoja kirefu kikielekea kulia. Nikasema, hii ndiyo takataka ya bei rahisi. Mguu nao ulitengenezewa bunduki za kijeshi ambazo kitako chake kimenyooka sawa na mtutu. Kwenye Tikka yangu ilinibidi ninyanyue kidevu kama kuku anayekunywa maji. Nikakirudisha.

Wiki iliyofuata nikaenda duka la wawindaji, nikaomba kile cha bei kubwa kuliko vyote. Nikakiwasha nikitazama ukuta wa mbali. Tone lilelile, vijimkia vilevile. Nikamwambia muuzaji kwamba na hiki kibovu. Hakubishana. Alichukua simu yangu, akaweka kamera mahali pa jicho langu, akapiga picha. Kwenye picha nukta ilikuwa mviringo safi, kama imechorwa kwa bikari.

"Kifaa kizima," akasema. "Nenda kapime macho."

Nilikuwa na miaka thelathini na saba na sikuwahi kuvaa miwani. Mpima macho akaniambia nina astigimatizimu, hasa jicho la kulia: konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, haikupinda sawa pande zote, kwa hiyo mwanga haukusanyiki mahali pamoja. Ndiyo maana taa za magari usiku zilikuwa zinanirushia mishale, nami nilidhani kila mtu anaziona hivyo. Akaniandikia lenzi. Nilirudi dukani nikiwa nimevaa miwani, na tone likajikusanya. Halikuwa duara kamili, lilifanana na punje ya mtama, lakini sasa lilikuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipoanza. Muuzaji alinionyesha pia kilengeo cha prizimu, ambacho alama yake imechongwa kwenye kioo na jicho lake la nyuma huzungushwa mpaka lioane na macho yako. Kwa wengi wenye tatizo langu hiyo ndiyo dawa, na hata betri ikifa alama inabaki. Nilikijaribu mara kumi, nikiinua bunduki kutoka kiunoni nimefumba macho kisha nikiyafungua. Mara nne nilikuta weusi, kwa sababu prizimu inataka jicho likae umbali wake kamili. Nukta niliikuta mara zote kumi. Nguruwe hasubiri utafute mahali pa kuweka jicho, nikaiacha prizimu.

Ukubwa wa nukta ulinichukua muda mrefu zaidi. Hupimwa kwa MOA, yaani digrii moja iliyogawanywa mara 60, na MOA moja kwa mita 100 ni karibu sentimita 2.9. Nukta ya 4 MOA kwa mita 80 inafunika sentimita 9 na kitu. Ya 2 MOA inafunika nusu yake. Wazee wa kikosi walipendelea 4 kwa kuwa jicho huiona haraka. Lakini wao wanaona 4 ikiwa 4. Yangu, hata kwa miwani, hutuna kidogo, na nilivyoijaribu, ya 4 ilikuwa inameza bega zima la sanamu ya mnyama tunayolengea mazoezini. Nikachukua 2. Nikachukua chenye umbo la bomba lililofungwa mbele na nyuma, maana kwenye vile vya wazi tone moja la mvua likitua juu ya ile taa nukta inasambaratika, na Oktoba ya Småland ni mvua. Betri yake ni ile bapa ya CR2032, na vifaa vya daraja hili huwaka hadi saa 50,000, zaidi ya miaka mitano bila kuzimwa. Mguu nikataka mfupi kuliko yote waliyokuwa nayo, shavu lilale kwenye kitako. Bei ilikaribia nusu ya bei ya bunduki. Mume wangu alitazama risiti, akatazama dirishani.

Kukisawazisha kulinitoa jasho kwa upumbavu wangu. Nilianza mita 25, risasi tatu zikakaa pamoja vizuri, sentimita tano chini ya nilipolenga. Skrubu ya kusogeza nukta hulia kidogo kila hatua, na kwenye kifaa changu kila mlio ni nusu MOA, sentimita moja na nusu hivi. Hesabu ikaniambia milio mitatu na kitu, nikazungusha minne. Nikapiga tena: zimepanda kidogo tu. Nikakaza miguu ya kifaa, nikalaumu upepo, nikalaumu risasi. Mkwe wangu aliniacha nichome risasi tisa ndipo akauliza, "Hiyo sentimita moja na nusu ni ya mita ngapi?" Ni ya mita 100. Kwa mita 25 mlio mmoja hauzidi milimita nne; nilihitaji milio kumi na minne. Baada ya hapo nikahamia mita 80, ambako uwanja wetu una sanamu ya elki, yule mnyama mkubwa kama farasi, inayokimbia kwenye reli, nikamalizia hapo.

Jambo lililonisaidia kuliko yote halikugharimu kitu: kupunguza mwanga wa nukta. Nilikuwa naiwasha kama taa ya breki. Sasa naanzia pale inapotoweka kabisa, napanda hatua moja au mbili mpaka ionekane juu ya majani, basi. Vijimkia vinakonda. Giza likianza kuingia nashusha tena, kwa sababu nukta iliyotosha saa nane mchana, saa kumi na moja jioni inapofusha.

Oktoba nilikuwa kwenye kituo kilekile. Mbwa wakabweka upande wa kijito, matawi yakavunjika, na nguruwe akatoka karibu palepale. Bunduki ilifika begani, macho yote wazi, nukta ikatua nyuma ya bega kabla sijaitafuta. Kwa pembeni, kwa jicho la kushoto, nikaona vitu vidogo vyenye mistari vikikimbia kwenye nyasi nyuma yake. Jike mwenye watoto hapigwi huku, ni sheria. Nikarudisha kufuli ya usalama.

Redio ikakoroma. "Umeona nini?"

"Jike," nikasema. "Watoto sita, bado wana mistari. Wa mwisho anachechemea."